Askari wa akiba: heshima isiyotolewa kwa amri

Askari wa akiba ni mtu wa nyumba mbili. Siku nyingi za mwaka huwa karani, mkulima, mwalimu au mfanyabiashara. Siku chache, au pale taifa linapoingia vitani, huwa mwanajeshi kama wanajeshi wengine. Sheria humtambua kuwa askari tangu anapoitwa kambini. Wenzake walioifanya kazi ya jeshi kuwa maisha yao huchukua muda mrefu zaidi kumtambua.

Pengo hilo kati ya maandishi ya sheria na mioyo ya watu ni jambo la uhai na kifo. Askari asiyemwamini mwenzake hasongi mbele akitegemea kulindwa naye ubavuni, na jeshi lenye makundi mawili yasiyoaminiana huanza kushindwa kabla adui hajatokea. Historia ya Afrika Mashariki, pamoja na hali ilivyo sasa katika nchi za Ghuba, inaonyesha kwamba imani hiyo hujengwa kwa mambo machache yanayojulikana, na kwamba huweza kubomoka upesi kuliko ilivyojengwa.

Pande mbili za mlango mmoja

Al Muraqqabat ni mtaa wa Deira, upande wa zamani wa mji wa Dubai, usio mbali na masoko yanayofahamika vyema kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo. Kuna hoteli, mabenki, ofisi na migahawa ya vyakula vya Iraq na Syria inayojaa hadi usiku wa manane. Mtaa huo una pia kituo cha polisi chenye jina lake. Hakuna kambi ya jeshi inayoonekana, wala mizinga, wala gwaride. Hata hivyo, suala la askari wa akiba limo ndani ya mtaa huo, tena kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu wanaofanya kazi katika ofisi hizo. Mwezi Juni mwaka 2014, nchi hiyo ilitangaza sheria ya utumishi wa taifa na jeshi la akiba, ambayo ni Sheria ya Shirikisho Namba 6 ya mwaka huo. Wanaume raia wa nchi hiyo wenye umri wa kati ya miaka 18 na 30 walitakiwa kupitia jeshini, na wanawake wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Mwanzoni, waliomaliza shule ya sekondari walitumikia miezi 9. Muda huo ukaongezwa hadi miezi 12 mwaka 2016 na miezi 16 mwaka 2018, na umewahi kurekebishwa tena baada ya hapo.

Utumishi huo hauishii siku ya kurudisha bunduki ghalani. Aliyeumaliza huingizwa katika jeshi la akiba na huweza kuitwa kwa mafunzo ya kukumbushana au kwa dharura ya taifa, naye hubaki katika daftari hilo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Sheria inamtaka mwajiri amhifadhie nafasi yake. Kwa hiyo kijana anayehudumia wateja benki wiki hii anaweza kuwa kambini wiki ijayo, akipokea amri kutoka kwa sajenti ambaye hajawahi kufanya kazi nyingine isipokuwa jeshi.

Sura ya pili imesimama nje ya mlango wa jengo hilo hilo. Miongoni mwa walinzi wa majengo, maduka na hoteli za Dubai wamo Wakenya, Waganda na Watanzania wengi. Baadhi yao wamepitia Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, au mafunzo ya mgambo, au jeshi la akiba la Uganda, kabla ya kupanda ndege. Dubai huwataka waanze upya: tangu mwaka 2016 mji huo una mamlaka maalumu inayosimamia kazi za ulinzi, na mlinzi hawezi kushika zamu bila kufunzwa na kupewa kibali. Cheti cha nyumbani husaidia kupata kazi, lakini hakimwondolei mtu mtihani.

Watu hao wawili, wa ndani ya mlango na wa nje, hawana mshahara mmoja wala haki sawa. Jambo moja linawakutanisha. Kila mmoja ameujua unyonge wa kuvaa sare mbele ya watu wanaojiuliza kimoyomoyo kama kweli anastahili kuivaa.

Chanzo cha dharau

Dharau ya askari wa kudumu kwa askari wa akiba haitokani na kiburi pekee. Ina sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za haki.

Ya kwanza ni kwamba ujuzi wa kijeshi huchakaa. Kulenga shabaha, kutumia redio, kusoma ramani usiku, kufunga jeraha linalovuja damu na kusogea huku mwenzako akikulinda ni kazi za mikono na mwili. Zikiachwa mwaka mzima, husahaulika. Askari wa kudumu hulijua hilo na huogopa kufa kwa kosa la mtu aliyesahau.

Ya pili ni wepesi wa mwili. Anayekaa mezani miezi kumi na mmoja hafanani na anayekimbia kila alfajiri. Mwendo wa kilomita 20 na mzigo mgongoni humfichua mtu kabla hajafungua kinywa.

Ya tatu ni cheo. Ofisa wa akiba anaweza kuwa na nyota begani kuliko sajenti mwenye miaka 15 ya utumishi. Sajenti atampigia saluti kwa sababu kanuni inamtaka. Je, atamsikiliza pale risasi zitakapoanza kulia? Hilo haliandikwi katika kanuni yoyote.

Ya nne ni kutokujuana. Kikosi cha kudumu kimeishi pamoja, kimekula pamoja na kimeadhibiwa pamoja. Mgeni anayekuja kwa wiki chache hajui utani wao, hajui nani ana mke mgonjwa, wala hajui nani huogopa giza. Waswahili husema umdhaniaye ndiye siye. Askari wa kudumu hapendi kubahatisha juu ya mtu atakayelala naye handaki moja.

Dawa ya sababu hizo nne haimo katika hotuba. Imewahi kupatikana kwa vitendo, na mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ni vita vya Kagera.

Jeshi lililozaliwa kutokana na maasi

Ili kuelewa mgambo wa Tanzania walitoka wapi, ni lazima kurudi Januari 20, 1964. Siku hiyo wanajeshi wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Uasi ulizimwa kwa msaada wa askari wa Uingereza, jambo lililoifedhehesha serikali changa. Rais Julius Nyerere alilivunja jeshi hilo, na Septemba 1, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ.

Jina hilo lilikuwa na maana yake. Nyerere hakutaka jeshi liwe tabaka linalojitenga na watu. JKT lilikwishaanzishwa Julai 10, 1963, na baadaye likawa la lazima kwa wasomi. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kulipinga, na karibu 400 kati yao wakafukuzwa chuoni.

Hatua iliyofuata ilisukumwa na yaliyotokea nchi jirani. Januari 25, 1971, Idi Amin alimpindua Milton Obote nchini Uganda. Mwezi uliofuata chama cha TANU kilitoa Mwongozo, ulioagiza pamoja na mengine kwamba wananchi wafunzwe ulinzi nchi nzima. Mgambo wakaanza kufundishwa vijijini, viwandani na maofisini. Kwa macho ya askari wa kudumu wa wakati ule, wengi wao walikuwa wakulima na makarani waliojua kupiga kwata na machache zaidi ya hapo.

Mtihani wa mwaka 1979

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Mapema Novemba daraja la Kyaka lilibomolewa. Nyerere akawatangazia wananchi kwamba Tanzania ilikuwa na sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi.

Uwezo huo ulihitaji watu. JWTZ lilikuwa na askari wapatao 40,000. Katika muda wa miezi michache idadi ya waliobeba silaha ilipita 100,000, kwa kuingizwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa pamoja na madereva wake ili kusafirisha watu na shehena kutoka pembe zote za nchi hadi Kagera. Brigedi zilizokuwa na askari wa kudumu zikajazwa watu wapya, na nyingine zikaundwa karibu zote kwa mgambo.

Brigedi ya 201 ilikuwa mojawapo ya hizo. Machi 10, 1979, baada ya mji wa Masaka kutekwa, ilipangiwa kusonga katika barabara inayopita kwenye matope na mafunjo ya Lukaya, njia kuu ya kuelekea Kampala. Wengi wa askari wake walikuwa hawajawahi kuonja vita. Upande wa pili walikuwapo wanajeshi wa Amin pamoja na kikosi kilichotumwa na Libya, wakiwa na vifaru na mitambo ya kurusha maroketi.

Maroketi yalipoanza kunguruma, mgambo walitawanyika na kurudi nyuma. Katika hadithi za kishujaa sehemu hii mara nyingi huruka. Lakini ndiyo sehemu inayofundisha zaidi, kwa kuwa kila alichokihofia askari wa kudumu kuhusu askari wa akiba kilitokea pale, mchana kweupe.

Kilichofuata ndicho kilichobadili hesabu. Makamanda, chini ya Meja Jenerali David Musuguri aliyeongoza divisheni ya 20, hawakuiondoa brigedi hiyo vitani kwa fedheha. Waliikusanya na kuipanga upya usiku ule ule. Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande mwingine, iliamriwa kugeuka na kutembea usiku kucha ili imzunguke adui. Asubuhi ya Machi 11 adui alishambuliwa kutoka pande mbili, na waliomkabili kwa mbele walikuwa wale wale mgambo waliokimbia jana yake. Adui alivunjika, na njia ya Kampala ikafunguka. Mji huo ulianguka Aprili 11, 1979.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa kuhusu Lukaya. Kikosi cha Libya hakikuwa cha askari wa kudumu pekee. Ndani yake walikuwamo mgambo wa Libya pia. Kwa hiyo watu wa akiba walikuwapo pande zote mbili. Waliotoka Libya walipelekwa katika nchi wasiyoijua, kumtetea mtawala asiye wao. Waliotoka Tanzania walikuwa wameiona ardhi yao ikitekwa, walikuwa wamechanganywa na maofisa wazoefu, na waliposhindwa mara ya kwanza walipewa nafasi ya pili. Silaha bora hazikuziba pengo hilo.

Mambo matatu ya Lukaya

Kutokana na vita hivyo mtu anaweza kutaja mambo matatu yanayomfanya askari wa kudumu abadili mtazamo wake.

La kwanza ni kipimo kimoja. Mgambo aliyefika Kagera alifunzwa upya kabla ya kuvuka mpaka, na alitarajiwa kufanya kile kile alichofanya askari wa kudumu. Kipimo cha chini kwa ajili ya askari wa akiba huonekana kama huruma, lakini ni sumu. Kinamwambia kila mtu kambini kwamba huyu si mwenzetu kamili.

La pili ni hatari moja. Askari wa kudumu huheshimu mtu aliyekuwa naye mahali palipokuwa pabaya. Mgambo aliyebaki nyuma kulinda maghala, hata akifanya kazi hiyo kwa uaminifu, husubiri zaidi kuheshimiwa kuliko yule aliyevuka tope la Lukaya.

La tatu ni kukubali kujifunza. Walioshindwa Machi 10 hawakuheshimiwa kwa sababu hawakuogopa. Waliheshimiwa kwa sababu walirudi. Jeshini hofu haimharibii mtu jina. Linalomharibia jina ni kuwaacha wenzake.

Nchi nyingine zimeongeza jambo la nne, nalo ni ujuzi wa uraiani. Uingereza ina jeshi la akiba tangu mwaka 1908, ambalo kwa miongo mingi lilitaniwa na askari wa kudumu kuwa ni la watu wa mwisho wa wiki. Katika vita vya Afghanistan, hospitali ya kijeshi ya Camp Bastion ilitegemea sana madaktari bingwa na wauguzi wa akiba waliotoka katika hospitali za kiraia. Askari aliyeokolewa maisha na daktari wa aina hiyo hana haja ya kushawishiwa. Mwaka 2014 jeshi hilo likapewa jina jipya la Jeshi la Akiba.

Nchini Marekani mabadiliko yalifika hadi juu kabisa. Mwaka 2005 zaidi ya theluthi moja ya wanajeshi wa Marekani nchini Iraq walikuwa wa Gadi ya Taifa na wa akiba. Mwishoni mwa mwaka 2011 sheria ilimpa mkuu wa Gadi ya Taifa kiti katika baraza la wakuu wa majeshi ya nchi hiyo. Kiti hicho kilikuja baada ya miaka mingi ya kushiriki vitani.

Heshima inavyopotea

Kama heshima ingekuwa mali ya kudumu, neno mgambo lingetajwa leo Tanzania kwa fahari ileile ya mwaka 1979. Haiko hivyo. Kwa vijana wengi wa mijini, mgambo ni yule anayemkimbiza machinga na kumnyang'anya bidhaa zake. Anayefanya kazi hiyo huajiriwa na halmashauri na si lazima awe na uhusiano wowote na waliopigana vitani, lakini jina ni moja, na lawama huwafikia wote.

Mafunzo yenyewe bado yapo, na siku hizi huitwa mafunzo ya Jeshi la Akiba. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ambaye ni ofisa wa jeshi. Vijana hufunzwa kwa miezi kadhaa, wengi wao wakitumaini kwamba cheti kitawafungulia mlango wa ajira katika kampuni za ulinzi, ndani ya nchi au huko Ghuba. JKT nalo, lililosimamisha utumishi wa lazima mwaka 1994, liliurejesha mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita.

Uganda imepitia hali inayofanana. Mwezi Juni 2003 waasi wa Lord's Resistance Army waliingia Teso, mashariki mwa nchi, wakaua na kuteka watoto. Vijana wa huko, wakiwamo waliowahi kuwa askari, walijikusanya katika kundi lililojulikana kama Arrow Boys, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Musa Ecweru, ambaye baadaye alikuwa waziri. Walijua vichaka, visima na njia za ng'ombe kuliko askari yeyote aliyeletwa kutoka mbali. Walipigana bega kwa bega na jeshi la UPDF, na waasi wakasukumwa nje ya Teso. Hapo ujuzi wa mahali uliziba upungufu wa mafunzo.

Lakini mwaka 2020 nchi hiyo hiyo ilishuhudia upande wa pili. Askari wa ulinzi wa mitaa, LDU, waliokuwa wamerejeshwa mwaka 2018 kufuatia mauaji ya watu mashuhuri, walipewa kazi ya kusimamia amri ya kutotoka nje wakati wa janga la korona. Walilaumiwa kwa kuwapiga na hata kuwaua raia. Mwezi Julai jeshi liliwaondoa mitaani na kuwarudisha mafunzoni.

Kenya ina askari wa akiba wa polisi, ambao kwa miaka mingi walizilinda jamii za wafugaji kaskazini mwa nchi bila mshahara. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya bunduki baadhi yao ili wahakikiwe, kwa kuwa ilidaiwa kwamba silaha hizo zilitumika katika uhalifu. Vijiji vilivyobaki bila ulinzi vilikuwa vya kwanza kulalamika. Mtu yule yule alikuwa mlinzi kwa jirani zake na mtuhumiwa kwa serikali.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba askari wa kudumu hawamhukumu mwenzao wa akiba kwa ujasiri wake tu. Humhukumu pia kwa jinsi anavyomtendea raia asiye na silaha. Anayempiga mama muuza ndizi huchafua sare ya wote, na askari wa kudumu anayeithamini sare hiyo hatamsamehe upesi.

Ahadi ya upande wa pili

Mzigo wote haumwangukii askari wa akiba. Serikali inayomwita ina deni lake. Tanzania ina Siku ya Mashujaa kila Julai 25, na huko Kaboya, mkoani Kagera, yapo makaburi ya mashujaa wa vita vya 1978 na 1979. Waliokufa wamekumbukwa. Waliorudi hai wana hadithi nyingine: mgambo wengi walirejea kwenye majembe yao, na malalamiko ya baadhi yao kuhusu mafao yameendelea kusikika kwa miongo kadhaa. Askari wa kudumu aliyestaafu ana pensheni. Mgambo aliyelala naye handaki moja ana kumbukumbu.

Tofauti hiyo ina madhara. Kijana anayemwona babu yake, mpiganaji wa zamani, akihangaikia dawa, hujifunza jambo kuhusu thamani ya kuitikia wito wa taifa. Siku taifa litakapomwita yeye, atalikumbuka.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulikabiliwa na swali hilo mapema kuliko ulivyotarajia. Mwaka mmoja tu baada ya sheria ya 2014, nchi hiyo ilikuwa vitani Yemen. Septemba 4, 2015, shambulio la kombora katika mkoa wa Marib liliua wanajeshi wake wengi kwa siku moja kuliko siku nyingine yoyote katika historia yake. Waliokufa siku hiyo walitajwa kuwa 45, na idadi ikaongezeka baadaye. Katika nchi ambayo raia ni karibu mtu mmoja tu kati ya wakazi kumi, msiba huo uliingia karibu kila ukoo.

Mwaka huo huo Novemba 30 ilitangazwa kuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya taifa. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa heshima ya jenerali. Ni siku ya mwaka 1971 alipouawa Salem Suhail bin Khamis, askari polisi wa Ras Al Khaimah, katika kisiwa cha Tunb Kubwa kilipotekwa na majeshi ya Iran. Nchi hiyo, ambayo ina wanajeshi wa kudumu, wa utumishi wa taifa na wa akiba, ilianza orodha ya mashujaa wake na mtu ambaye hakuwa mwanajeshi.

Kinachobaki mlangoni

Kwa kijana wa ofisini Al Muraqqabat, maana ya hayo yote ni ya kila siku. Wito wa kwenda kambini ukija, atapokewa na watu wasiomjua. Hawatauliza amesoma wapi wala baba yake ni nani. Watatazama kama amefika kwa wakati, kama pumzi inamtosha, kama bunduki yake ni safi, kama anakubali kusahihishwa na mtu mwenye cheo kidogo kuliko chake, na kama anagawana maji yake ya mwisho.

Kwa mlinzi wa Kiafrika aliyesimama nje ya jengo hilo, kipimo hakitofautiani sana. Ameiacha nchi ambayo huenda ilimfundisha kushika silaha, akaja kulinda mali ya wengine kwa mshahara anaoutuma nyumbani. Siku akirudi, wilaya yake inaweza kumhitaji tena katika jeshi la akiba. Atakuwa na miaka ya nidhamu ya zamu za usiku, na ujuzi wa kukagua watu kwa adabu bila kuwadhalilisha. Nchi zetu zina akiba kubwa ya watu wa namna hiyo walioko ughaibuni, na mara chache huwahesabu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka hilo ni kweli iwapo ghala linatunzwa. Kwa askari ni vivyo hivyo: asipofunzwa huchakaa, asipoaminiwa hujitenga, na ahadi aliyopewa isipotimizwa hatakuja mara ya pili. Amri ya serikali inaweza kumfikisha kambini. Kukubaliwa na walioko kambini hutegemea atakachofanya baada ya kuingia, na nchi iliyomwita itakachofanya baada ya yeye kutoka.